Swali Lililokuwa Nje ya Ajenda

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilikuwa zinakwenda vizuri. Mikononi alikuwa akishona kichwa cha mbuzi. Kichwani mwake alikuwa akishona hotuba.

Hotuba ilikuwa ya Jumamosi. Siku hiyo wazazi wa shule ya sekondari wangekutana kujadili somo jipya la afya, ambalo lilikuwa limeanza kufundishwa kidato cha tatu bila mzazi yeyote kuombwa ruhusa. Fundi hakuwa mzazi wa kawaida. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, cheo kisicho na mshahara wala ofisi, lakini chenye kiti cha mbele na haki ya kugonga meza. Somo lenyewe hakuwa amelisoma. Alikuwa amelisikia kwa Muuza Nyama, ambaye naye alilisikia kwa mteja wake wa maini, kwamba humo darasani watoto wanafundishwa miili yao kwa majina. Si kwa mafumbo, si kwa kuzungukazunguka kama wanavyozungumza watu wenye adabu. Kwa majina.

Kichwa cha mbuzi kilikuwa cha mwalimu kijana wa kike, yule aliyeandaa igizo la wanyama muhula uliopita. Alikuwa amekuja na mchoro wa karatasi uliokatwa tayari, kitambaa kizito chekundu, na kingine laini cha rangi ya waridi kwa ajili ya bitana. Alimkuta Muuza Nyama amesimama katikati ya chumba, mikono juu, akipimwa kiuno cha suruali, na bila shaka kwa sababu hiyo maelezo yake yakawa mafupi.

"Ni kifaa cha kufundishia, Fundi," alisema, macho yakiwa kwenye karatasi. "Huku juu kuwe kupana, huku chini kuwe na shingo nyembamba. Hivi viwili vya pembeni vitoke huku na huku, na mwishoni viwe na nyuzinyuzi zinazoning'inia. Na hizi duara mbili ndogo uzijaze pamba."

Fundi aliichukua karatasi, akaigeuza, akaielewa papo hapo. Juu ni paji la uso. Chini ni mdomo. Huku na huku ni masikio. Duara mbili ni macho.

"Masikio yasimame au yalegee?" aliuliza.

Mwalimu alimtazama yeye, akamtazama Muuza Nyama, akarudisha macho kwenye karatasi.

"Yalegee," alisema.

Kwa hiyo Fundi alikuwa akishona masikio yanayolegea, na alikuwa akiyashona kwa mapenzi, maana kazi ya sare za shule huchosha macho kwa kuwa nguo zote ni moja. Alipomaliza bitana alitarizi pembeni mwa mshono sindano ndogo ya njano, alama yake, ambayo aliitia kwenye kila nguo iliyotoka chumbani mwake. Nusu ya mtaa ilitembea na sindano hiyo kiunoni au kwenye upindo.

Kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mlango, mke wake alikuwa akipachika vifungo vya mashati.

"Mama Sindano," Fundi alisema akipekua kikapu cha mabaki, "vipande vya pamba vimekwenda wapi tena? Juzi kikapu kilikuwa kimejaa."

"Panya," alijibu mke wake bila kuinua uso.

"Panya gani huyo anachagua pamba na kuacha polista?"

"Panya mwenye akili."

Fundi alicheka, akarudi kwenye masikio yake. Panya mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, akivuta uzi. Tangu mwanzo wa mwaka damu ya mwezi ya Mama Sindano ilikuwa imesahau njia ya kuondoka. Ilikuja, ikakaa, ikapumzika kidogo, kisha ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Vipande vya pamba alivifua kabla watu hawajaamka, akavianika chini ya shuka lililoanikwa. Alivaa sketi nyeusi siku zote. Midomo yake ilikuwa imepauka, na kutoka jikoni hadi mlangoni alipumzika mara moja, akijifanya anatafuta kitu alichoangusha. Mumewe aliona yote hayo akayapa jina moja, uchovu, na dawa moja, kulala mapema. Mke naye hakuwa na jina la kumpa. Lile alilokuwa nalo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile, na hakutaka yeye, mke wa mwenyekiti, awe wa kwanza kulitamka.

Mchana binti yao alirudi kutoka shule. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma; hivyo jina la Sindano lilimkaa kuliko lile la cheti cha kuzaliwa. Aliwaamkia wazazi wake, akatua mkoba, kisha akaona kilicho mezani.

"Baba, unajua hiki ni nini?"

"Najua. Ni kichwa cha mbuzi."

"Mbuzi?"

"Wa igizo. Kwani wewe unaona nini?"

Sindano alikigusa kwa kidole. "Ulinikataza kuleta maneno ya darasa la afya humu ndani."

"Nani amezungumzia darasa? Mimi nakuuliza habari za mbuzi."

"Basi ni mbuzi, baba. Tena mzuri."

Fundi aliridhika, akatoka kwenda kununua uzi. Aliporudi alimkuta mke wake amepakata kile kichwa, vidole vyake vimeingia ndani hadi kwenye bitana, na binti yake amepiga magoti kando yake akimnong'oneza. Walipomwona wakanyamaza. Alichokuwa akiambiwa Mama Sindano ni kwamba kitu hiki ni kizazi, kwamba hata yeye anacho, kwamba kina ukubwa wa ngumi, na kwamba damu inayokataa kukatika ina sababu zake, na sababu hizo zinatibika. Alikuwa amezaa mtoto kwa mfuko huo, akauhangaikia tangu mwaka uanze, na leo ndiyo siku ya kwanza kuuona sura.

"Mnamharibu mbuzi wa watu," Fundi alisema.

"Hatumharibu, Baba Sindano," alijibu mke wake. Alikirudisha mezani taratibu, kwa mikono miwili.

Jioni mwalimu alikuja kukichukua. Fundi alimweleza kwa upole kwamba yale macho mawili yamekaa vibaya, chini kabisa ya masikio, na kwamba angeweza kuyasogeza usoni bila kudai nyongeza.

"Yaache hapo hapo, Fundi," alisema mwalimu, akikikunja haraka kwenye gazeti. "Ndipo yanapokaa."

Jumamosi wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusana na mbao. Mkuu wa shule, mtu aliyekubaliana na kila aliyesimama kwa muda wote aliosimama, alifungua kikao, kisha akamwachia mwenyekiti meza. Fundi aliitoa hotuba yake yote. Alisema adabu ni kama upindo wa nguo: ukianza kufumuka mahali pamoja, nguo nzima inakwisha. Watu walipiga makofi. Alisema nyumba yake mwenyewe ni mfano, kwani humo maneno hayo hayajawahi kusikika, na wote wana afya njema. Watu walipiga makofi tena. Mama Sindano alikuwa amekaa nyuma, karibu na dirisha, amejifunika khanga mabegani ingawa hakukuwa na baridi.

Muuza Nyama alisimama. "Mimi nimepasua matumbo ya ng'ombe maisha yangu yote," alisema. "Moyo nauita moyo, figo naziita figo, bandama naiita bandama. Lakini huyo ni ng'ombe! Ng'ombe hana aibu. Binadamu ana sehemu za kutajwa na sehemu za kukohoa."

Dereva wa lori alisema somo ni zuri, ila wafundishwe wavulana peke yao, kwa sababu msichana akijua ataharibika. Mwenye duka akapinga: wafundishwe wasichana peke yao, kwa sababu mvulana akijua ataharibu. Karani mstaafu alipendekeza somo lifundishwe kwa picha bila maneno. Mwingine akataka maneno bila picha. Ikapendekezwa iundwe kamati ndogo ya kuangalia uwezekano wa kufundisha bila vyote viwili, na mkuu wa shule akasema wazo hilo lina uzito wake.

Kisha akasimama bibi mmoja aliyekuwa akilea mjukuu. "Mimi niliolewa nikiwa nimeambiwa mtoto hutokea gotini," alisema. "Nilipopata mimba nikakaa mwezi hata mwezi nalitazama goti langu. Uchungu uliponishika nikalifunga kitambaa, ili asianguke. Mkunga alipofika akaniuliza, mama, unaumwa mguu?"

Darasa liliangua kicheko, na wanawake walicheka zaidi, kicheko cha watu waliowahi kuyatazama magoti yao.

"Kwa hiyo unaunga mkono au unapinga?" Fundi aliuliza akigonga meza.

"Mimi nimesimulia tu, Mwenyekiti."

Mkuu wa shule akamwita mwalimu wa afya ajieleze. Mwenyekiti hakuwahi kuuliza ni nani hasa anayelifundisha somo hilo. Kulipinga jambo lisilo na sura ni rahisi zaidi. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mwalimu wa igizo, na kwapani ana gazeti lililokunjwa.

Fundi alipoona kichwa chake cha mbuzi kikitolewa mbele ya watu wote, kitu cha kwanza alichohisi ni fahari. Bitana ilikuwa imekaa sawasawa. Masikio yalilegea yalivyotakiwa kulegea.

"Hiki," alisema mwalimu, akikiinua juu, "ni kizazi cha mwanamke. Hii ni mirija. Hapa ndipo kilipo kiwanda cha mayai. Na hii shingo ya chini ndiyo mlango ambao kila mmoja wetu humu ndani alipitia."

Watu wakainamisha nyuso kama walioambiwa watasachiwa. Muuza Nyama peke yake aliinua yake. Alikuwa amekaa mbele, na jicho lake lilizoea kukagua.

"Samahani," alisema. "Mbona hicho kitu kina sindano ya njano pembeni?" Akafunua upindo wa suruali yake mpya, akautazama, akakitazama kizazi, kisha akamtazama mwenyekiti. "Ndugu yangu! Kumbe sisi tunapiga kelele huku, na wewe ndiye mwenye kiwanda?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani.

"Unachukua oda za jumla au rejareja?" aliuliza dereva.

"Na vya wanaume navyo unavyo, au kitambaa kimeisha?" ikasikika sauti ya mwanamke kutoka katikati.

Fundi angeweza kusema kwamba alidhani ni mbuzi, lakini hata katika hali ile aliona kwamba kauli hiyo isingemsaidia. Akagonga meza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mwalimu, ambaye kicheko kilikuwa kimempa ujasiri badala ya kumnyang'anya, aliendelea. Alisema wanafunzi wanajifunza pia magonjwa. Alisema mwanamke anayetoka damu kupita wiki, mwezi baada ya mwezi, akapauka, akaishiwa nguvu, huyo si mchovu. Huyo ni mgonjwa, na mara nyingi ni uvimbe, na watu hufa nao wakiwa wamefunga mdomo.

Nyuma, karibu na dirisha, mtu alisimama.

"Mwalimu," alisema Mama Sindano. Alikuwa ameshika ukingo wa dawati. "Huo uvimbe, ukiwapo, unakaa wapi? Nionyeshe hapo."

Watu walimgeukia yeye, halafu wote kwa pamoja wakamgeukia mumewe. Fundi aliyaona macho hayo, bado yana machozi ya kicheko, na akasikia chumba kizima kikivuta pumzi kwa ajili ya kicheko cha pili.

"Swali hilo," alisema, "liko nje ya ajenda. Tunajadili kama somo liwepo au lisiwepo. Hatujaja hapa kusoma. Mama aketi."

Alimwita mama, kama mtu anayemwita mwanamke asiyemjua kwenye foleni. Mama Sindano alibaki amesimama kidogo, labda akimpa nafasi ya kukumbuka kwamba wanafahamiana, kisha akaketi.

Kura ya kunyoosha mikono ikapigwa. Waliotaka somo lisimame walikuwa wengi mno hata hawakuhitaji kuhesabiwa, na Muuza Nyama alinyanyua mikono miwili, akaombwa ashushe mmoja. Mkono wa Mama Sindano haukunyanyuka upande wowote. Mkuu wa shule alisema uamuzi huo umejaa busara, akaelekeza kifaa chenyewe kikabidhiwe kwa mwenyekiti, ili kikae mikono salama.

Kesho yake Fundi aliamka mshindi. Alikitundika kile kichwa kwenye msumari nyuma ya mlango, akakifunika kwa gauni la mteja, akakaa kwenye cherehani. Mke wake alikaa kwenye kigoda na shati la kwanza.

"Umenuna," Fundi alisema baada ya kitambo.

"Sijanuna."

"Wewe mwenyewe uliona. Wangenicheka mpaka nihame mtaa. Swali kama lile mtu anamuuliza mumewe, nyumbani."

Mama Sindano alikata uzi kwa meno. "Haya. Nakuuliza mume wangu, nyumbani. Unakaa wapi?"

Fundi alijikuna kichwa. "Nini?"

"Uvimbe."

"Uvimbe wa nani?"

Alikuwa anasubiri jibu, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani, mke wake aliposimama kana kwamba anakwenda kumletea, akashika mlango, mlango ukamponyoka, akateremka chini polepole pamoja na gauni la mteja. Fundi alimrukia. Kwenye kigoda, na kwenye sakafu chini ya kigoda, kulikuwa na wekundu. Alitazama kitambaa kizito chekundu kilichobaki mezani.

"Kitambaa kimechuja," alisema kwa sauti. "Sindano! Njoo na maji, kitambaa kimechuja rangi!"

Sindano alitoka jikoni mbio, akamwinua mama yake kichwa, akamtazama baba yake.

"Baba," alisema, "hiyo si rangi."

Hospitalini walimlaza Mama Sindano kwenye kitanda kilichokuwa kwenye ujia, kwa kuwa wodi ilikuwa imejaa. Daktari alikuja akitembea, na ilionekana wazi kwamba angependa kuulizia ugonjwa bila kusimama.

"Mgonjwa ana tatizo gani?"

"Amechoka, daktari," alisema Fundi.

"Watu waliochoka wako nyumbani. Anaumwa wapi?"

"Anaumwa..." Fundi alitazama kulia na kushoto. Kitanda cha jirani kilikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na masikio. "Anaumwa huko."

"Huko wapi, mzee?"

"Huko chini."

"Miguuni?"

"Juu ya miguu."

"Gotini?"

Fundi akamkumbuka yule bibi na kitambaa chake, akatazama tena kitanda cha jirani. Alikuwa na maneno ya kila kipande cha nguo kinachofunika mwili wa binadamu: kola, kwapa, kiuno, marinda, upindo. Alichokosa ni maneno ya kilicho ndani ya nguo hizo. Mke wake alikuwa amelala mbele yake, ngozi imekuwa na rangi ya chaki, macho ameyafumba, na kwa mara ya kwanza Fundi aliona kwamba anaweza kumkosa hivi hivi, kwenye ujia, kwa kuona haya.

"Daktari," alisema Sindano. Alisogea mbele ya baba yake. "Mama ana hedhi isiyokatika tangu mwanzo wa mwaka. Inakuja na mabonge. Anapata kizunguzungu, akitembea moyo unamwenda mbio. Tumbo lake hapa chini, juu ya kinena, ni gumu ukiligusa. Mimi nadhani ni uvimbe kwenye kizazi, lakini sisi bado hatujafika kwenye vipimo."

Daktari alisimama kabisa. Alilibonyeza tumbo pale alipoonyeshwa, akafunua kope za mgonjwa, akaita wauguzi wawili kwa mpigo na kuagiza damu.

"Nani amekufundisha kueleza hivyo?"

"Tunafundishwa shuleni."

"Somo zuri," alisema daktari. "Msiliache."

Fundi aliichunguza sakafu. Ilikuwa ya vigae, na mpangilio wake ulikuwa mbaya. Alisubiri binti yake aongeze neno moja, lile ambalo yeye mwenyewe angeliongeza kama ingekuwa zamu yake. Badala yake Sindano alishika mkono wa mama yake.

Damu ilipoingia, midomo ya Mama Sindano ilianza kurudi. Daktari alikuja tena, safari hii na kiti, akaeleza: kuna uvimbe, zaidi ya mmoja, si saratani kwa jinsi ulivyoonekana kwenye picha, lakini hauwezi kuachwa. Atapasuliwa. Wangejitahidi kutoa uvimbe peke yake. Wakishindwa, wangetoa kizazi chote. Wangechelewa kidogo tu, alisema, mazungumzo haya yangekuwa na watu wawili badala ya watatu. Kisha akanyoosha fomu ya ridhaa kwa mume.

Mume alitafuta kalamu. Mke alinyoosha mkono akauweka juu ya karatasi.

"Ngoja kwanza. Sindano, nipe mfuko wangu."

Kutoka katikati ya khanga na sabuni alitoa kile kichwa cha mbuzi. Binti yake alikuwa amekipakia, akijua kitahitajika. Mama Sindano alikiweka kifuani, akakinyoosha masikio, kisha akamgeukia mumewe.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti ndogo, "swali langu leo liko kwenye ajenda?"

Mtu wa kitanda cha jirani alikuwa amejiinua kwa kiwiko, asikose kitu.

"Liko, Mama Sindano," alisema. "Ndilo la kwanza."

"Daktari, unakaa wapi? Nionyeshe hapa."

Daktari alikipokea, akakigeuza, akaingiza kidole kwenye shingo, akakuta bitana, akatabasamu. Alichukua pamba kutoka kwenye sinia la muuguzi, akaifinyanga madonge matatu. Moja alilisukuma kati ya bitana na kitambaa cha nje. Jingine alilibandika juu, karibu na mrija. La tatu aliliingiza ndani kabisa. "Hili la ndani," alisema, "ndilo linalokumaliza damu." Mama Sindano alipitisha kidole juu ya kila donge, kama mtu anayehakiki vifungo. Aliuliza watapasua wapi, akaonyeshwa. Aliuliza watashona kwa uzi gani. Fundi naye alijikuta ameinama, akiuliza kama ni mshono mmoja au miwili, na daktari akamjibu kwa heshima ambayo mafundi hupeana.

"Hiki kimeshonwa vizuri kuliko tulivyokuwa navyo chuoni," alisema daktari. "Ni kazi ya nani?"

Ujia mzima ulikuwa unasikiliza.

"Yangu," alisema Fundi.

"Hongera. Inaonekana unakijua kizazi."

"Hapana, daktari. Nilidhani ni kichwa cha mbuzi."

Daktari alimtazama aone kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mama Sindano ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa shida, akishika tumbo, akimwomba Mungu amnyamazishe kwa sababu kunauma, na mtu wa kitanda cha jirani akacheka pamoja naye bila kualikwa.

"Mbuzi," alisema, akifuta machozi. "Miaka yote hii, Baba Sindano. Mbuzi!"

Kisha akamruhusu kutia sahihi.

Uvimbe ulitolewa na kizazi kikabaki. Mama Sindano alirudi nyumbani akitembea kwa kujikunja, halafu kwa kunyooka. Kikapu cha mabaki kikajaa pamba hata kikafurika, na hakuna aliyeuliza panya amehamia wapi. Uamuzi wa wazazi uliendelea kusimama kama ulivyopitishwa. Hakuna aliyeutengua, maana kutengua kungehitaji mtu wa kwanza kusema kwamba amebadili mawazo.

Kikao cha muhula uliofuata, Fundi alikuja amepiga pasi mpaka soksi. Alikuwa amejiandaa. Katika kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita alisimama, akakohoa, akaweka kile kifaa juu ya meza bila gazeti. Mwalimu wa afya, aliyekuwa amekaa kwenye kona, aliinua kichwa.

"Ndugu wazazi," alisema Fundi, "kikao kilichopita kuna swali lililoulizwa, na mwenyekiti akalizima. Mwenyekiti alikosea. Leo nampa nafasi mama yule yule alirudie mbele yenu, nalo lijibiwe."

Alinyoosha mkono kuelekea dirishani kwa namna aliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Mama Sindano alisimama. Hakuhitaji kushika dawati.

"Ahsante, Mwenyekiti," alisema. "Lakini mimi nilishajibiwa. Waulize hawa." Akaketi.

Mkono wa Fundi ulibaki hewani. Hotuba yake ilikuwa imejengwa juu ya swali hilo, na sasa haikuwa na mahali pa kukanyaga. Wazazi walitazama dari, kuta, mikono yao. Mkuu wa shule alitafuta wa kukubaliana naye, akamkosa. Fundi alikuwa anakaribia kugonga meza na kupita kwenye kipengele kinachofuata, pale mbele kabisa mtu alipokohoa.

Muuza Nyama alikuwa amenyanyua mkono. Mmoja, na si mrefu.

"Kuna rafiki yangu," alisema, akiukazia macho upindo wa suruali yake. "Si wa hapa. Mke wake amekuwa... hata kikombe cha chai hanyanyui. Rafiki yangu anasema labda ni uchovu." Akakohoa tena, kikohozi kile kile alichokuwa amekitetea. "Anasema anaumwa huko."

Hakuna aliyecheka. Fundi alisubiri kicheko, akageuka akamtazama mwalimu, akamtazama mke wake, kisha akakichukua kifaa mezani, akazunguka meza, akaenda kusimama mbele ya dawati la Muuza Nyama, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Huko wapi, ndugu yangu?" aliuliza taratibu. "Mahali hapo pana jina. Mimi nililijua nikiwa nimechelewa. Wewe mwambie rafiki yako aliseme leo."

Akamwekea mikononi. Muuza Nyama, mtu aliyezoea kubeba nusu ya ng'ombe begani, alikipokea kwa viganja viwili. Aligusa mirija, akagusa shingo, na midomo yake ikaanza kulitafuta neno.